Kati ya Muyaga na Mpala: Lugha ya Utume wa Kikristo kwa Maskini wa Vijijini nchini Burundi na Athari Zake katika Zone Industrielle ya Bujumbura

Ikisiri

Utume wa Kikristo nchini Burundi uliwafikia maskini wa vijijini kwa Kirundi, na kwa njia hiyo uliwapa wengi wao uwezo wa kusoma ambao serikali haikuwapa. Uteuzi huo uliambatana na uamuzi mwingine, yaani kukiweka Kiswahili mbali na vilima. Makala haya yanadai kwamba uamuzi wa kwanza ulitokana na hali halisi ya jamii, ilhali wa pili ulitokana zaidi na hofu ya Uislamu. Yanadai pia kwamba gharama ya uamuzi wa pili inalipwa leo na watu wanaoshuka kutoka vilimani kutafuta kibarua katika Zone Industrielle ya Bujumbura.

1.0 Utangulizi

Eneo linaloitwa Zone Industrielle, kaskazini mwa katikati ya jiji la Bujumbura, lilianza kupata sura yake katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 viwanda, maghala na karakana viliendelea kuongezeka katika upande huo wa jiji, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaja kiwanda kikubwa cha nguo, COTEBU. Jirani yake iko mitaa ya Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni tangu enzi za ukoloni, na Ngagara, mtaa uliojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya watumishi na wafanyakazi wa mjini.

Hata hivyo, wengi wanaosimama mbele ya malango ya viwanda alfajiri wakisubiri kuitwa hawakuzaliwa katika mitaa hiyo. Zaidi ya watu wanane kwa kila kumi nchini Burundi wanaishi vijijini, na nchi ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba linalogawanywa kwa watoto kila kizazi hufikia mahali ambapo halitoshi tena kulisha nyumba moja. Mwenye nguvu hushuka. Huyo anayeshuka ni mtoto au mjukuu wa watu waliofikiwa na misheni, na mara nyingi kusoma kwake, kama anajua kusoma, kulianzia kanisani au katika shule iliyojengwa na kanisa. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini mtu huyo anasoma Kirundi bila shida lakini hawezi kuzungumza na mnyapara wake ipasavyo, hana budi kurudi nyuma hadi karne ya 19, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

2.0 Ziwa Moja, Lugha Mbili

Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe, liliasisiwa na Kardinali Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Wamisionari wake walifika Rumonge, kwenye pwani ya Burundi ya leo, mwaka 1879. Kituo hicho hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881, baada ya mgogoro na wenyeji, mapadre wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei d'Hoop, waliuawa, na misheni ikahamishwa. Burundi haikupata kituo cha kudumu hadi mwaka 1898, pale Muyaga ilipoanzishwa mashariki mwa nchi, ikifuatiwa na Mugera mwaka 1899.

Katika kipindi hicho cha katikati, shirika lilelile lilikuwa likifanya kazi kubwa kwenye ncha nyingine za ziwa hilohilo. Mpala, upande wa Kongo, ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885; Karema, upande wa Tanganyika, ilikabidhiwa kwao mwaka huohuo. Watu wa kwanza wa vituo hivyo walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Mmoja alitoka Umanyema, wa pili Urua, wa tatu mahali ambapo hata yeye hakukumbuka. Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyeitumikia Karema hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa mwenyewe mtoto aliyekombolewa kutoka Afrika Magharibi na kusomeshwa Malta. Watu kama hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili kiliwaunganisha, nacho kikawa lugha ya sala, ya darasa na ya shambani.

Lavigerie alikuwa amewaagiza wamisionari wake wajifunze lugha ya watu wanaoishi nao mapema kadiri iwezekanavyo, na hata wazungumze wao kwa wao kwa lugha hiyo. Agizo lilikuwa moja, lakini lilizaa matokeo tofauti. Huko Mpala “lugha ya watu” ilikuwa Kiswahili, kwa sababu watu wenyewe walikuwa mkusanyiko. Huko Muyaga ilikuwa Kirundi, kwa kuwa ufalme wa Mwezi Gisabo ulikuwa na lugha moja kutoka mpaka hadi mpaka, jambo la nadra katika sehemu hii ya Afrika. Nukta hii ndiyo msingi wa hoja yetu. Lugha ya utume ilifuata muundo wa jamii, wala haikuwa suala la imani.

3.0 Kamusi Yenye Kiswahili Ndani Yake

Waanzilishi wa Muyaga walitoka Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa, wakiwa na wasaidizi wenyeji wa huko. Kabla hawajajifunza Kirundi, daraja pekee walilokuwa nalo lilikuwa Kiswahili na lugha za jirani. Ushahidi mzuri wa hali hiyo ni kazi ya Padre J. M. M. van der Burgt, Mholanzi, ambaye mwaka 1903 alichapisha kamusi kubwa ya Kifaransa na Kirundi. Kichwa cha kamusi hiyo kinaahidi pia maana fupi kwa Kiswahili na Kijerumani. Kwa maneno mengine, katika msingi wenyewe wa maandishi ya Kirundi, Kiswahili kipo kama mlango wa kuingilia. Inashangaza kidogo kwamba wanaosimulia historia ya Kirundi kama lugha iliyolindwa na wamisionari dhidi ya Kiswahili huitaja kamusi hiyo bila kutaja jambo hili.

Dalili nyingine ziko katika msamiati. Mrundi husema igitabu, ikaramu na ishure. Vifaa vyote vya darasa la misheni vilipewa majina yaliyopitia Kiswahili, likiwamo hilo la shule, ambalo Kiswahili chenyewe kililipata kutoka kwa Wajerumani. Katika sala za Kikatoliki za Kirundi hata jina Mungu liliingia na kuzoeleka, wakati Waprotestanti walishika jina la asili, Imana. Huko hakukuwa kukihifadhi Kirundi kitupu. Kilikuwa Kirundi kilichosaidiwa na Kiswahili huku Kiswahili chenyewe kikiambiwa kibaki nje ya mlango.

4.0 Hofu ya Kiswahili

Kwa nini kibaki nje? Wajerumani, walioanzisha kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897 na kutia saini Mkataba wa Kiganda na Mwezi Gisabo mwaka 1903, walitawala Afrika Mashariki yao kwa Kiswahili. Askari, makarani na wakalimani walikitumia, na wengi wao walikuwa Waislamu. Kwa misheni, kila shule ya serikali ya Kiswahili ilionekana kuwa hatua ya kuelekea msikitini. Malalamiko ya aina hiyo yalisikika katika koloni zima, lakini Burundi yalikuwa na nguvu zaidi kwa kuwa palikuwapo lugha mbadala iliyoenea kila mahali. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, na kisha kuitawala chini ya Shirikisho la Mataifa, walikubaliana na misheni juu ya jambo hili kwa sababu zao wenyewe. Waswahili wa Usumbura waliwekwa katika mitaa yao, nje ya mamlaka ya machifu, na Kiswahili kikawa lugha ya mitaa hiyo.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyo wa ngazi tatu. Kirundi kilikuwa cha kilimani na kanisani. Kifaransa kilikuwa cha ofisini, nacho kilifundishwa kwa wachache, wengi wao wana wa machifu, hasa katika shule ya Mabruda wa Upendo iliyofunguliwa Astrida, nchini Rwanda, mwaka 1929. Kiswahili kilikuwa cha soko, bandari na kambi. Mkulima maskini alipewa ngazi ya kwanza tu, akaambiwa inamtosha.

Lakini hakutosheka nayo. Kodi, kilimo cha kahawa cha lazima cha miaka ya 1930 na kazi za shuruti viliwasukuma maelfu ya wanaume kwenda Buganda na kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako waliitwa manamba. Walirudi na nguo, baiskeli na Kiswahili. Hakuna misheni iliyowafundisha lugha hiyo. Walijifunza kwa sababu bila hiyo hawakuweza kujua ujira wao umehesabiwaje. Maskini wa kijijini alikwisha kutoa jibu lake kuhusu lugha anayoihitaji miaka mingi kabla ya wataalamu kuuliza swali.

5.0 Upande wa Waprotestanti

Historia ya Waprotestanti ni fupi zaidi kwa madhumuni yetu. Misheni ya Neukirchen kutoka Ujerumani ilianza kazi mwaka 1911 na kuiacha wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wabaptisti wa Denmark walifika mwaka 1928. Katikati ya miaka ya 1930 waliingia wengi kwa mfuatano: Marafiki kutoka Kansas walioshika kituo kilichoachwa na Wajerumani huko Kibimba, Wamethodisti Huru huko Muyebe, Waanglikana huko Buhiga na Matana, na Wapentekoste wa Sweden huko Kiremba. Hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili shule zao hazikupata ruzuku waliyopewa Wakatoliki, hivyo walijenga kwa udongo na nyasi na kuwategemea walimu waliosoma miaka miwili au mitatu tu. Kwa Kirundi walifanya kazi kubwa. Agano Jipya lilitoka mwaka 1951 na Biblia nzima mwaka 1967, na familia ya Guillebaud ya misheni ya Kianglikana ilikuwa na mchango wa pekee.

Wapentekoste wanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wao walivuka kutoka Uvira, Kongo, walikokuwa wameshazoea kuhubiri kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920. Vilimani walitumia Kirundi kama wengine. Bondeni, kwenye uwanda wa Imbo na baadaye mjini, walikuwa na wahubiri waliopita kati ya Uvira na Usumbura bila kubadilisha lugha. Mahubiri yenye mkalimani, sentensi moja Kiswahili na ya pili Kirundi, ambayo leo ni jambo la kawaida katika makanisa mengi ya Bujumbura, yana mizizi katika njia hiyo ya ziwani.

6.0 Yaga Mukama, au Nani Anaogopa Maskini Anayesoma

Ingekuwa dhuluma kulaumu utume wa Kirundi bila kueleza ulichowapa watu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni shule za Yaga Mukama, yaani “Sema, Bwana”. Zilikuwa shule za parokia, za masaa machache, zilizofundisha katekisimu pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Hazikudai ada ya maana wala sare. Wanafunzi wake walikuwa watoto ambao shule rasmi haikuwa na nafasi kwao, na katika Burundi ya baada ya mauaji ya mwaka 1972 hao walikuwa hasa watoto wa wakulima Wahutu. Baadhi ya wazazi waliogopa kuwapeleka watoto wao shule ya serikali, wakikumbuka kwamba mwaka 1972 waliosoma ndio waliotangulia kukamatwa.

Utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, ulioingia kwa mapinduzi ya mwaka 1976, uliona katika mikusanyiko hiyo jambo jingine kabisa. Mamia ya wamisionari wa kigeni waliondolewa nchini, ibada za siku za kazi ziliwekewa mipaka, mikutano ya jumuiya ndogondogo za Kikristo ilipigwa marufuku, na katika miaka ya 1980 shule za Yaga Mukama zilifungwa. Sababu zilizotolewa zilihusu tija na umoja wa taifa. Bagaza alipopinduliwa na Pierre Buyoya mwezi Septemba 1987, mgogoro na Kanisa ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kutulizwa.

Kisa hiki kina maana pana kuliko ugomvi wa serikali na maaskofu. Kama kusoma Kirundi kungekuwa jambo dogo, pasingekuwapo haja ya kukufunga. Mtoto wa mkulima aliyeweza kusoma barua, tangazo na Maandiko kwa lugha yake alikuwa amepata kitu ambacho mfumo wa elimu ulikuwa umekigawa kwa upendeleo. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapa ndipo misheni ilipofanya kazi yake iliyo bora zaidi nchini Burundi, na kwamba watafiti wa Kiswahili, wanaoelekea kuiona kila sera ya lugha ya kienyeji kuwa kizuizi, wanapaswa kulikiri hilo kwanza kabla ya kusema lolote.

7.0 Waliosali kwa Kiswahili

Mwaka 1972 huohuo ulizalisha jamii ya Warundi wa vijijini ambao utume kwao haukuwa wa Kirundi pekee. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania na kupewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma shule za msingi za Kiswahili. Makanisa yaliyowahudumia yalikuwa ya Kitanzania, yenye vitabu vya nyimbo na Biblia za Kiswahili. Kizazi kilichozaliwa huko kilijifunza kusali, kuhesabu na kuandika barua kwa Kiswahili, huku kikizungumza Kirundi nyumbani. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, na wengine walirudi Burundi kuanzia mwaka 2008, wakikuta mara nyingi mashamba ya wazazi wao yamekwisha kukaliwa na watu wengine.

Mrejeaji wa aina hii ni mkulima maskini kwa kila kipimo, lakini haingii katika picha ya “Mrundi wa kilimani” iliyochorwa na misheni na kurithiwa na wapangaji wa sera. Akikosa ardhi Makamba au Rumonge na kushuka Bujumbura, hukuta kwamba katika Zone Industrielle Kiswahili chake, ambacho kilimani kilimfanya aonekane mgeni, kinamsaidia kupata kazi ya upakiaji haraka kuliko mwenzake aliyebaki nchini. Hukutana huko na Wakongo wa Kivu Kusini, na vijana wa Buyenzi, na wakulima wa Muramvya au Kayanza wasiojua Kiswahili zaidi ya salamu.

8.0 Zone Industrielle kama Mpala

Si kweli kwamba Kirundi hakieleweki hapo. Kinaeleweka na karibu wote. Tofauti ni katika kazi ambayo kila lugha inaifanya. Maandishi ya ofisini jijini Bujumbura kwa kawaida ni ya Kifaransa. Mapatano ya mdomo na dereva wa lori la kutoka Kigoma au Uvira, bei ya mzigo na majina mengi ya vipuri na vifaa ni ya Kiswahili au mchanganyiko wake. Kirundi kinabaki kuwa lugha ya kuulizana hali na kusali. Kibarua aliyesoma katekisimu anaweza kusoma, lakini hakuna anachokutana nacho kazini kilichoandikwa kwa lugha anayoisoma. Hapo ndipo faida ya Yaga Mukama inapokomea.

Kwa muundo wake, basi, Zone Industrielle inafanana zaidi na Mpala ya mwaka 1885 kuliko Muyaga ya mwaka 1898. Ni mkusanyiko wa watu walioondolewa makwao, ingawa safari hii kilichowaondoa ni uhaba wa ardhi na vita badala ya minyororo. Makanisa yanayofanya kazi huko yanalijua hili kwa vitendo, ndiyo maana baadhi yake yana ibada za Kiswahili au mkalimani madhabahuni. Lakini mafunzo yanayotolewa chini ya paa zilezile siku za kazi, yaani madarasa ya kusoma, vikundi vya kuweka akiba na semina za afya, bado hupangwa mara nyingi kana kwamba wanaohudhuria wako kilimani.

Serikali nayo imesita. Kiswahili kimefundishwa katika shule za msingi tangu katikati ya miaka ya 2000, na Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Hata hivyo, sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilivitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaachwa nje ya orodha. Aidha, mtoto anayefundishwa Kiswahili shuleni leo si yule mtu mzima wa miaka 30 anayesubiri langoni mwa kiwanda. Huyo aliacha shule kabla, au hakuanza. Taasisi iliyo karibu naye zaidi, inayokutana naye kila wiki na kuaminiwa naye, ni kanisa.

Kwa washauri wa sera, hatua inayowezekana bila kusubiri sheria mpya ni kuzungumza na makanisa ya eneo hili juu ya madarasa ya watu wazima yenye ngazi mbili: ya kwanza kusoma na kuandika kwa Kirundi, kama Yaga Mukama ilivyofanya, na ya pili Kiswahili cha kazi, yaani hesabu ya ujira, vipimo, maelekezo ya usalama, majina ya vifaa na namna ya kuuliza mkataba. Walimu wa ngazi ya pili wapo tayari, nao ni warejeaji wa Ulyankulu na Mishamo, ambao wengi wao walimaliza darasa la saba Tanzania na leo wanabeba mifuko ya saruji. Inafaa pia misikiti ya Buyenzi ishirikishwe, kwa kuwa imefundisha kwa Kiswahili kwa vizazi kadhaa, na kwa kuwa vibarua Waislamu wako langoni humohumo. Pendekezo la mwisho huenda likapata upinzani kutoka kwa baadhi ya viongozi wa makanisa. Upinzani huo ukitokea, itafaa kuuliza iwapo unahusu ufundishaji wa lugha, au ni ile hofu ya zamani ya enzi za Wajerumani.